Tusianze na idadi ya kompyuta
Ndugu zangu wa Nsambya na Katwe, mashirika yakituuliza tunataka kompyuta ngapi, tusikimbilie kusema ishirini. Nilishasomea kwenye chumba cha mashine nyingi za mezani: umeme ukikatika, tunabaki kuangalia vioo vyeusi, halafu tunarudi nyumbani.

Mimi naomba laptopu kumi zenye betri nzima, wanafunzi wawili kwa kila moja. Mmoja anaandika, mwenzake anatafuta makosa, kisha wanabadilishana. Python ni ya bure, na ukishaiweka inafanya kazi bila intaneti.

Pesa inayobaki imlipe mwalimu, na mtu wa kufungua mlango jioni. Maana mchana wengi wetu tuko tunatafuta kodi ya nyumba, na mwenye nyumba hasubiri masomo. Ninyi mnaonaje?