Kihispania tunakifuata kwa njia ya mzunguko

Jamani, leo naomba nitoe la moyoni. Nilianza kujifunza Kihispania kwa kitabu cha Kiingereza. Miezi miwili nakariri tu, kichwa kinauma. Kitabu kinaeleza kwa kirefu eti nafsi imo ndani ya kitenzi, utadhani ni muujiza.

Muujiza gani? Sisi tumekua na jambo hilo! Ukisema "nazungumza", mimi nimo humo humo. "Hablo" ni vilevile. Tofauti ni kwamba sisi nafsi tunaiweka mwanzoni, wao mwishoni: hablo, hablas, habla, nazungumza, unazungumza, anazungumza. "Yo" hulazimiki kuitaja, kama usivyolazimika kusema "mimi", mpaka utake kusisitiza.

Halafu kuna "ser" na "estar", ambavyo Kiingereza kinavifunika kwa kitenzi kimoja. "Soy periodista": mimi ni mwandishi wa habari. "Estoy en casa": nipo nyumbani. Nani kati yetu anachanganya "ni" na "nipo"? Sisemi kila kitu kinalingana. "Estoy cansado" kwetu ni "nimechoka" tu, na vitenzi vikaidi kama "ir", kwenda, kinachogeuka "voy", lazima uvimeze.

Hoja yangu ni moja: walimu wa lugha za kigeni, anzeni na Kiswahili ambacho mwanafunzi anacho tayari. Kumpitisha kwanza kwenye Kiingereza, ambacho wengi bado kinatusumbua, ni kumtwisha mizigo miwili kwa safari moja. Au wenzangu mnasemaje?