Tuwafundishe Watu Maneno ya Haki Kabla ya Siku ya Marshi

Walimu wa Likasi, viongozi wa jumuiya ndogo za Kikristo, maimamu, wakubwa wa vijana wa Kikula, Panda na Shituru: maneno haya nawaandikia ninyi. Watu wa mji huu wakichoshwa na shida ya maji, umeme au mshahara, hawahitaji kufundishwa kujaa barabarani. Wanachokosa wengi wao ni maneno ya kuwalinda wakisha kufika huko. Maneno hayo yamo katika Katiba ya Kongo ya tarehe 18 Februari 2006, ila yamekaa kwa Kifaransa, na mara nyingi tunayasikia kwanza kinywani mwa polisi, tukiwa tumekwisha kukamatwa.

Chukueni kifungu cha 26. Kinahakikisha uhuru wa kuandamana, kisha kinamtaka anayeandaa maandamano ya barabarani au ya mahali pa wazi amjulishe kwa maandishi kiongozi wa utawala anayehusika. Amjulishe, si amwombe. Lakini tusikilizeni tunavyosema wenyewe: "Tulienda kwa meya kuomba otorizasio." Aliyekwenda kuomba amekwisha kukubali kwamba anaweza kunyimwa, na akinyimwa anarudi nyumbani kimya. Barua ya kujulisha haipigi magoti. Inataja siku na saa, njia watakayopita watu, jambo wanalodai, na majina ya watakaowajibika. Hupelekwa nakala mbili: moja inabaki ofisini, ya pili inagongwa muhuri wa kupokelewa, inarudi na mwandalizi. Wakuu bado wanaweza kukataa, na hukataa sana, lakini sasa ni juu yao kueleza sababu. Na yule ofisa atakayesema barabarani kwamba hakuna aliyeambiwa, ataonyeshwa muhuri wa ofisi ya wakubwa wake.

Kifungu cha 18 ni muhimu zaidi ya hicho. Aliyekamatwa aelezwe mara moja sababu ya kukamatwa, kwa lugha anayoifahamu. Aruhusiwe kuwasiliana na jamaa zake au wakili. Asishikwe na polisi zaidi ya saa 48 kabla ya kufikishwa mbele ya wenye mamlaka ya sheria. Sasa mfikirie kijana wa miaka 19 aliyetolewa kasho na kuketishwa mbele ya OPJ, ofisa wa polisi anayeandika maelezo ya kesi. Anaulizwa kwa Kiswahili, anajibu kwa Kiswahili, na majibu yake yanaandikwa kwa Kifaransa. Mwishoni anasukumiwa karatasi na kalamu: tia sahihi. Kijana huyo hana haja ya shahada ya sheria. Ana haja ya sentensi moja aliyoizoea ulimini mwake: "Nisomeeni kwanza kwa Kiswahili." Lakini sentensi hiyo haiji yenyewe mtu akiwa na hofu. Inakuja kwa sababu aliirudia darasani mara nyingi, mwenzake akiigiza OPJ mkali na wengine wakicheka.

Wapo watakaosema kwamba huku ni kuwachochea watoto. Wasome kifungu cha 45, kinachowapa wenye mamlaka wajibu wa kueneza na kufundisha Katiba yenyewe na Tangazo la Dunia la Haki za Binadamu. Wasome na cha 142, kinachoitaka serikali ieneze sheria kwa Kifaransa na kwa kila moja ya lugha nne za taifa ndani ya siku 60. Mwalimu anayefundisha maneno haya kwa Kiswahili anaifanya kazi ambayo serikali ilijiagiza yenyewe.

Dunia ikisikia Jadotville, jina la kale la Likasi yetu, hukumbuka askari wa Ireland waliozingirwa hapa mwaka 1961, tena kwa sababu ya filamu. Wachache wanakumbuka Desemba 1941, wafanyakazi wa Union Minière walipogoma, hapa Jadotville na kule Elisabethville, Lubumbashi ya leo. Vita vilikuwa vimepandisha bei, na walichodai ni nyongeza ya mshahara. Tarehe 9 Desemba waliokusanyika katika uwanja wa mpira wa Elisabethville walipigwa risasi mbele ya gavana Amour Maron, na msemaji wao Léonard Mpoyi akauawa. Wale walikuwa na msemaji, dai lililo wazi, na mahali pa kukutanikia. Kitu ambacho hawakuwa nacho ni sheria iliyosema kwamba mgomo ni haki. Sisi tunayo, kifungu cha 39, na hatuwafundishi wajukuu wao.

Sasa niseme lililo gumu. Mji huu umewahi kufundisha msamiati mwingine, na ulifundisha vizuri sana. Mwaka 1992, katika mikutano ya wafuasi wa chama cha UFERI, jirani kutoka Kasai aliitwa "bilulu", mdudu. Neno lilitangulia, mawe na moto vikafuata, na maelfu ya watu waliozaliwa hapa hapa wakalala karibu na stesheni ya Likasi wakingoja treni ya kuwapeleka nchi ambayo wengine hawakuwahi kuiona. Wengi walikufa. Na kumbukeni, waliowafukuza walijiona kuwa wanadai haki, haki ya wenyeji. Kwa hiyo haitoshi kumfundisha mtoto neno haki. Afundishwe pamoja nalo kifungu cha 30, kwamba hakuna Mkongomani anayeweza kulazimishwa kuishi nje ya makazi yake ya kawaida, na aambiwe lilitokea nini stesheni. Asiyejua hilo, kesho atabeba bango la amani mkono mmoja na jiwe mkono wa pili, na hataona kosa.

Nani afundishe? Tusingoje wataalamu. Mwezi Januari 1957, katika kisiwa cha Johns Island, jimbo la South Carolina, Marekani, darasa la watu wazima Weusi lilianzishwa nyuma ya duka la ushirika. Mwalimu alikuwa Bernice Robinson, msusi wa nywele. Hakutumia vitabu vya watoto: wanafunzi walisomea fomu ya kujiandikisha kupiga kura na sehemu za katiba ya jimbo lao, kwa kuwa hapo ndipo walipokuwa wakizuiwa. Esau Jenkins, aliyekuwa na basi la kuwapeleka wafanyakazi Charleston, alikuwa amekwisha kuanza kuwafundisha abiria wake njiani. Shule za namna hiyo zilienea kusini kote na kuwa mhimili wa mapambano yasiyotumia nguvu. Likasi ina wasusi, na ina mabasi ya Lubumbashi yenye abiria wanaokaa kwa saa nyingi.

Tuanze basi na sisi wenyewe, maana kifungu cha 26 kina sentensi ambayo sisi wapenda maandamano huiruka: hakuna anayeweza kulazimishwa kushiriki maandamano. Siku ya vilimorti, watu wote wakitakiwa kufunga kazi na kubaki nyumbani, mama anafungua kibanda chake cha mkate kwa sababu watoto hawakula jana, na vijana wetu wanamvunjia meza. Hapo tumevunja kifungu kile kile tunachomwonyesha meya, na polisi hatafuti tena sababu ya kuja. Vijana hao ndio wawe wanafunzi wa kwanza. Waende kwa yule mama siku tatu kabla, wamweleze dai, wamwombe afunge. Akikataa, wamwachie auze mkate wake.