Tundu si aibu, aibu ni kuliacha wazi

Sisi huku Etobicoke tunapumua. Leo sina picha za theluji wala habari za bei ya unga wa sembe. Leo nina ugomvi.

Kila nikitaja programu huria, zile ambazo yeyote anaweza kusoma zilivyoandikwa, watu wa nyumbani wananijibu neno moja: "Vya bure hivyo, vimejaa matundu. Bora serikali inunue vya makampuni makubwa." Nabisha. Na nabisha kwa mfano wa kwetu kabisa.

Mnaijua OpenMRS? Huenda hulijui jina, lakini yawezekana faili lako limo humo. Ni programu huria ya kumbukumbu za wagonjwa: inakufuata tangu unapoandikishwa hadi kwa daktari, maabara na dirisha la dawa. Ilianza kutengenezwa mwaka 2004, na mwaka 2006 ikaanza kazi Eldoret, katika mpango wa AMPATH uliokuwa ukihudumia watu wenye virusi vya ukimwi. KenyaEMR na UgandaEMR zimejengwa juu yake. Ni kazi ya kujivunia jamani!

Mapema mwaka 2019 kampuni ya usalama ya Bishop Fox ikatangaza tundu ndani yake, lililosajiliwa kwa namba CVE-2018-19276. Alama ya hatari: 9.8 kati ya 10. Tundu gani hilo? Chukulia karani wa masijala anayepokea barua dirishani. Badala ya kuuliza kwanza "wewe nani?", anaifungua na kutenda lolote lililoandikwa. Imeandikwa fungua kabati, anafungua. Imeandikwa choma mafaili, anachoma. Ndivyo ilivyokuwa: mtu asiye na akaunti wala neno la siri angeweza kutuma ujumbe uliotungwa kwa hila, na seva ikatii amri zake, hata kama yeye yuko bara jingine.

Na kabatini mna nini? Majina, vijiji, majibu ya vipimo. Kadi ya benki ikiibwa utapewa nyingine. Siri ya shangazi ikishasambaa kijijini, nani atamrudishia?

Hapo najua mnashangilia: "Si tulisema!" Ngojeni kwanza. Tundu lilitangazwa, na kiraka kilikuwapo: toleo 2.24.0 la ile sehemu iliyougua, bila kulipa hata senti. Kilichobaki ni mtu wa kukibandika.

Hivyo vya kununua navyo? Rudini mwezi Machi 2017. Mwezi huo vilitoka viraka viwili. Kimoja cha Apache Struts, programu huria. Kingine cha Windows ya Microsoft, inayouzwa. Vyote viwili viliziba matundu ya kumwezesha mtu wa mbali kuiamuru mashine yako. Mwezi Mei mwaka huo huo, kirusi cha WannaCry kikaingia kwenye Windows zisizobandikwa na kuzikwamisha hospitali nyingi za Uingereza. Mwezi huo huo wezi wakaingia Equifax kupitia Struts isiyobandikwa, wakachota habari za watu wapatao milioni 147 Marekani, na Wakanada wapatao 19,000. Ya bure iliungua, ya kununua ikaungua. Kosa lilikuwa moja: kiraka kipo, mbandikaji hayupo.

Sasa tazameni Desemba 2021, lilipotangazwa tundu la Log4j, programu huria iliyojificha ndani ya mifumo isiyohesabika. Mamlaka ya kodi ya Kanada ilifunga huduma zake za mtandaoni kwa tahadhari. Quebec ilifunga tovuti na huduma karibu 4,000. Waziri aliyehusika, Eric Caire, aliifananisha kazi ile na kutafuta ni vyumba vingapi katika majengo yote ya serikali vina balbu za wati 60: huna budi kuingia kimoja kimoja. Kwa hiyo msidhani huku ni peponi, hata wao walihangaika kutafuta. Lakini walifunga mlango kwanza, wakawaambia wananchi sababu, na walikuwapo watu wa kuingia vyumbani.

Kwetu je? Tunajua kuzindua. Mgeni rasmi anakata utepe, kompyuta zinapigwa picha, mfadhili anapigiwa makofi. Bajeti ya kufunga mfumo inapatikana. Bajeti ya kuutunza mwaka wa tano inakuwa ya nani? Mwaka 2025 Marekani iliifunga USAID, iliyokuwa mfadhili mkubwa wa afya kwetu. Aliyetegemea mlinzi wa kuazima, sasa analindwa na nani?

Kwa hiyo acheni kuilaumu programu. Kwenye kikao cha wananchi, kwa mbunge, kwa bodi ya hospitali, ulizeni maswali matatu. Mnatumia toleo gani? Nani anafuatilia viraka, na je, mshahara wake uko kwenye bajeti yetu au ya mgeni? Tundu likitangazwa leo usiku, nani ana ruhusa ya kuzima mfumo kabla ya asubuhi?

Wakishindwa kujibu, hata mkinunua programu ya dhahabu ni kazi bure. Wazee walishasema: usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Anayebisha aniandikie, uwanja ni wake. Wasalimieni wote.