Asiyeona ubaoni si mzembe

Ni desturi katika shule zetu kumhukumu mwanafunzi kwa daftari lake. Anayenakili visivyo yaliyoandikwa ubaoni huitwa mzembe. Anayeng'ang'ania kuketi safu ya mbele hudhaniwa kuwa anajipendekeza kwa mwalimu. Naye anayefikicha macho mchana kutwa hushukiwa kwamba hakulala usiku. Mimi mwenyewe nimewahi kutoa hukumu ya aina hiyo. Miaka kadhaa iliyopita nilimkemea mwanafunzi wa mwaka wa kwanza kwa kutazamia daftari la mwenziwe wakati wa mhadhara. Baadaye ndipo nilipopata kujua kuwa kijana huyo alikuwa amebadilisha miwani mara tatu katika muda wa miaka miwili, na kwamba kila herufi niliyoiandika ubaoni yeye aliiona ikiwa na vivuli viwili au vitatu.

Alikuwa na ugonjwa ambao wataalamu huuita keratokonasi. Konea, yaani ile ngozi angavu kama kioo iliyo mbele ya mboni ya jicho, kwa kawaida huwa na umbo la kuba. Kwa mgonjwa wa keratokonasi, konea hukonda na kudhoofika hata ikachomoza mbele mfano wa pia. Nuru inayopitia hapo haikutani mahali pamoja, na kila kitu huonekana kimepindapinda au kimejirudia. Aghalabu ugonjwa huu huanza mtu anapobaleghe, ukaendelea katika miaka ya ujana, kisha ukapoa afikapo miaka thelathini au arobaini hivi. Yaani huanza mgonjwa akiwa darasani, mbele yetu sisi walimu.

Kiswahili kina mtoto wa jicho, kina makengeza na kina vikope, lakini maradhi haya hayana jina vinywani mwa watu. Mzazi hubaki kusema tu kwamba macho ya mtoto yameharibika, na kauli hiyo haimsaidii yeyote. Napendekeza tuuite ugonjwa wa konea-pia, kwani kila aliyewahi kucheza pia utotoni analijua umbo hilo.

Anayekutana na mgonjwa huyu kwanza, mara nyingi, si daktari mpasuaji bali ni mpimaji macho. Yeye huanza kushuku anapoona kuwa nguvu za miwani zinabadilika upesi, au kwamba hakuna miwani inayomrudishia mgonjwa uwezo kamili wa kuona. Akilimulika jicho kwa retinoskopu, huona mwanga ukifunguka na kufumba kama makasi. Hupima mpindo wa konea, kisha hutazama kwa darubini maalumu apate kuona kama konea imekonda au ina duara la rangi ya kutu. Palipo na mashine ya kuchora ramani ya konea, ugonjwa hugunduliwa hata kabla dalili hizo hazijajitokeza.

Fauka ya hayo, mpimaji stadi huuliza maswali. Je, macho yanawasha? Je, una mazoea ya kuyafikicha? Je, katika jamaa zako kuna mwenye maradhi haya? Swali la kufikicha si dogo. Wako watoto wengi wanaosumbuliwa na mzio wa macho, au aleji kama wengi tuiitavyo, na kufikicha macho kwa nguvu kumehusishwa na kuzidi kwa ugonjwa huu. Kwa sababu hiyo, hatua ya kwanza ya matibabu ni kuutuliza mwasho kwa dawa na kumwachisha mtoto mazoea hayo.

Hapa ndipo lugha inapoingia. Kupima macho ni mazungumzo. Mpimaji hubadilisha lenzi na kuuliza ni ipi inayoonyesha vyema, ya kwanza au ya pili. Mwanafunzi wangu aliulizwa hayo kwa Kiingereza, akajibu kile alichodhani kuwa mkubwa alitaka kukisikia. Hakuwa na neno la vile vivuli, naye aliona haya kusema kwamba herufi moja ilionekana kuwa tatu. Laiti angaliulizwa kwa lugha aliyoizoea, huenda asingalipewa miwani ile ya pili na ya tatu.

Ugonjwa ukishajulikana, mpimaji hupanda ngazi moja baada ya nyingine. Mwanzoni miwani hutosha. Konea inapozidi kupinda, mgonjwa hupewa lenzi ngumu za kuvaa jichoni, zinazopitisha oksijeni. Machozi hujaa katikati ya lenzi na konea, yakasawazisha mabonde yote, na nuru ikapita ipasavyo. Wasioweza kuzistahimili huvalishwa lenzi kubwa zaidi zinazoegemea weupe wa jicho, ambazo hujazwa maji safi ya chumvi kabla ya kuvaliwa. Fikira hii si ngeni. Mwaka wa 1888 Mfaransa Eugène Kalt alikwisha kuwajaribia wagonjwa wa aina hii lenzi za kioo. Hata hivyo, lenzi hizi hazinunuliwi kama viatu. Kuzilinganisha na jicho huhitaji ziara kadhaa, na mgonjwa hana budi kufundishwa kunawa mikono, kutozisafisha kwa maji ya mfereji na kutolala nazo.

Lakini lenzi, hata ziwe bora namna gani, hazizuii konea kuendelea kukonda. Kinachozuia ni tiba iliyobuniwa mjini Dresden, Ujerumani, na matokeo yake ya kwanza kwa wagonjwa kutangazwa mwaka wa 2003. Konea hutiwa matone ya vitamini B2, kisha humulikwa kwa miale ya urujuanimno ili nyuzi zake zishikamane na kupata nguvu. Marekani iliidhinisha tiba hiyo mwaka wa 2016. Daktari wa macho ndiye anayeifanya, ila mpimaji ndiye anayempeleka mgonjwa kwake kwa wakati. Na wakati ndio msingi wa jambo lote, kwa maana tiba hii husimamisha ugonjwa pale ulipofika. Haitarajiwi kurudisha kikamilifu uwezo wa kuona uliokwisha kupotea. Aliyechelewa mno, konea ikapata kovu, huenda akabaki na tegemeo la kupandikizwa konea ya marehemu.

Yamkini wapo watakaosema kwamba mwalimu tayari ana mzigo mzito, na kwamba ugonjwa wenyewe si wa kila mtoto. Ni kweli. Hata hivyo, hakuna anayemtaka mwalimu awe tabibu. Anachotakiwa ni kumtambua anayefikicha macho, anayekodoa, anayebadilisha miwani kila mwaka, na kumwandikia mzazi barua. Vijana nao waseme bila haya wanayoyaona, kwa lugha yoyote wanayoimudu. Wapimaji wenye shahada tunao. Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, kule Kakamega, hutoa mafunzo hayo. Inafaa serikali za kaunti ziwaajiri na kuwapa vifaa, na bima za afya zizihesabu lenzi hizi kuwa tiba wala si pambo. Sisi wanaisimu nasi tuwape istilahi watakazoweza kuzitumia mbele ya mgonjwa.

Mwanafunzi wangu alipata lenzi akiwa katika mwaka wa tatu. Jicho la kulia lilitibiwa mapema kiasi. La kushoto lilikuwa limekwisha kupata kovu. Nilimwomba radhi, naye akanijibu kwa upole kwamba hata walimu wake wa shule ya upili walidhani hivyo hivyo.

Wahenga walituusia kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Muhula ujao ufunguliwapo, kabla hujamkemea anayetazamia daftari la mwenziwe, mwulize kwanza anaona nini ubaoni.