Mimea haina lugha, mkulima anayo

Upo mmea mdogo wa miiba ambao hukunja majani yake punde unapoguswa. Waswahili huuita kifauongo. Jina hilo ni sitiari tu, kwani mmea wenyewe haufi wala haudanganyi. Seli zilizo katika vifundo vya majani hupoteza maji ghafla, nayo majani yakalegea. Hata hivyo, waliobuni jina hilo walikuwa wametambua ukweli mkubwa: mmea huhisi, na huitikia.

Siku hizi imezuka desturi ya kudai kwamba mimea "huzungumza". Mimi, ambaye kazi yangu ni kufundisha isimu, siikubali kauli hiyo. Mwenye lugha huweza kusimulia ya jana, kuahidi ya kesho, hata kusema uongo kwa makusudi. Mhindi hauna uwezo huo. Hutoa ishara, na ishara peke yake si lugha.

Huenda msomaji akauliza hasara iko wapi. Hasara ipo, tena shambani. Tuchukue mfano wa kiduha, gugu lenye maua ya zambarau ambalo Waluo huliita kayongo. Gugu hili limewatia hasara wakulima wengi wa mahindi na mtama magharibi mwa Kenya. Mbegu zake ni ndogo mithili ya vumbi, na zaweza kukaa udongoni kwa zaidi ya miaka 10. Mvua pekee haizioteshi. Husubiri mpaka zihisi kemikali zitokazo kwenye mizizi ya mmea ulio karibu.

Kemikali hizo hazikukusudiwa kiduha. Mnamo mwaka wa 2005, wanasayansi wa Japani walionyesha kwamba ni mwito kwa kuvu wa udongoni, ambao huusaidia mmea kupata fosfati. Kiduha huudaka mwito usio wake, kikaota, kikajishikiza mizizini na kuanza kufyonza. Aidha, penye uhaba wa fosfati mmea huita zaidi. Ndiyo sababu mashamba yaliyochoka huumia zaidi. Kweli, kikulacho ki nguoni mwako.

Sasa, ukimwambia mkulima kwamba mahindi yake yanazungumza na kiduha, umempa kitendawili. Ukimweleza kwamba mbegu za kiduha huamshwa na kemikali za mizizi, umempa silaha. Ataelewa kwa nini arutubishe udongo, kwa nini ang'oe kiduha kabla hakijatoa mbegu, na kwa nini apande desmodiamu baina ya mistari ya mahindi. Mizizi ya desmodiamu huziamsha mbegu za kiduha, kisha huzizuia zisijishikize kwenye mahindi, nazo hufa. Mbinu hiyo ni sehemu ya kilimo cha vuta-sukuma, kilichobuniwa katika miaka ya 1990 na watafiti wa kituo cha icipe, ambao huendesha kazi yao Mbita, kwa ushirikiano na wenzao wa Rothamsted, Uingereza.

Basi maarifa haya yamekuzwa kando ya Ziwa Victoria, lakini sehemu kubwa ya maandishi yake ya kitaalamu ni ya Kiingereza. Wapo watakaojitetea kwamba Kiswahili hakina msamiati wa kuyabeba. Hoja hiyo haina mashiko. Nimeyaeleza hapa kwa maneno ya kawaida: kuhisi, kuitikia, mwito, kuvu, kuamsha. Neno geni ni desmodiamu, na fosfati imekwisha kuzoeleka madukani palipo na mbolea.

Wajibu huu ni wetu sisi wanaisimu pamoja na wataalamu wa kilimo. Tuketi pamoja, tukubaliane juu ya istilahi, kisha tuandike vijitabu ambavyo mkulima ataweza kuvisoma mwenyewe bila kungoja mkalimani. Kiduha hakitangoja.