MWENZETU AKIPEWA USIMAMIZI



Kila mara mwenzetu aitwapo ofisini na kupewa barua ya kuwa msimamizi, wachache humpa mkono. Wengi hunyamaza, na jioni kwenye kituo cha basi husema, "Basi, huyo amekwisha hamia kwa wakubwa." Sisi katika halmashauri hatuupendi usemi huo. Msimamizi aliyetoka kwetu akifanya kazi yake vema twapata faida, na akiiharibu sisi ndio wa kwanza kuumia. Kwa hiyo leo twataka kusema juu yake, na pia kusema naye.

Wazee wetu walimjua nyapara. Katika miaka ya 1920 na 1930 walivaa kipande shingoni, na mara nyingi aliyewahesabu asubuhi shambani hakuwa bwana mwenyewe, bali Mwafrika mwenzao aliyepewa madaraka kidogo na sauti kubwa. Kipande kimekwisha zamani. Nyapara hakwisha. Yuko tayari kuzaliwa tena ndani ya mtu mwema asiyefundishwa kazi yake mpya.

Na kweli hafundishwi. Mtu huchaguliwa kwa kuwa ni fundi hodari, kisha Jumatatu apewa watu. Tumeyaona hayo katika kiwanda kimoja cha mikate, ambacho hatutakitaja. Mwanachama wetu alikuwa amekaa kwenye tanuri miaka mingi, hakuna aliyemshinda kwa kujua moto. Alipewa zamu ya watu 14. Wiki ya kwanza alikuwa akizunguka akiwanyang'anya watu vyombo mikononi. Mtu akikawia, yeye aifanya kazi mwenyewe, tena haraka, huku akinung'unika. Jioni alikuwa amechoka kuliko wote, na wale 14 hawakujifunza kitu ila kusimama kando na kumtazama.

Hilo lilikuwa kosa dogo. Kubwa lilikuwa hili. Siku moja dada mmoja alimwambia kwamba kifuniko cha kukinga mikono kwenye mashine ya kukata mikate kimelegea. Msimamizi wetu alikuwa na hesabu ya mikate kichwani, akamjibu mbele ya watu wote: "Wewe wataka kusimamisha kazi?" Watu wakacheka kidogo. Tangu saa ile hakuna aliyemletea habari mbaya tena. Kifuniko kikazidi kulegea, kila mtu akiona, yeye peke yake haoni. Siku ya tatu kijana mmoja alikatwa ncha za vidole viwili.

Ndugu, katika jambo hili twaona kipimo chote cha msimamizi mpya. Asijipime kwa ukimya wa watu wake, maana ukimya huo huenda ni woga. Ajiulize: jambo likiharibika saa mbili, mimi nalisikia saa ngapi? Akilisikia saa mbili na dakika tano, amefaulu, hata kama watu wake humtania. Akilisikia siku ya tatu kwa mayowe, ameshindwa.

Sheria nayo yamtazama yeye kwanza. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 yasema kwamba mfanyi kazi akiona hatari kubwa amwarifu msimamizi wake wa karibu, na mpaka hatari iondolewe mwenye mahali pa kazi hana ruhusa kumrudisha mtu hapo. Yule dada alikuwa akitimiza sheria. Aliyemfokea ndiye aliyekosa.

Twaendelea na hadithi, kwa kuwa haikwishia hapo. Wakubwa walimtaka msimamizi aandike kwamba kijana alikuwa mzembe. Alikuja kwetu usiku, barua iko mfukoni haijaandikwa. Alikuwa na watoto shuleni na cheo cha miezi miwili. Tulimwambia kwamba hatuwezi kumwandikia, ila twaweza kukaa naye mpaka amalize. Aliandika kwamba aliambiwa juu ya kifuniko, na siku aliyoambiwa, na jibu alilotoa. Asubuhi, kabla ya kazi kuanza, aliwaambia watu wake maneno yale yale. Hatusemi kwamba alisifiwa ofisini. Lakini mashine ilisimamishwa ikatengenezwa, kijana hakufukuzwa, na kabla ya wiki kwisha watu watatu walimwendea na mambo waliyokuwa wameyaficha.

Angaliandika uwongo, kijana angaliweza kufukuzwa kwa karatasi ile. Wasimamizi wengi wapya hawajui uzito wa kalamu yao. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 41, yataka mtu aelezwe kosa lake kwa lugha anayoifahamu, naye asikizwe, akiwa na mfanyi kazi mwenzake au mjumbe wa chama aliyemchagua mwenyewe, kabla ya kuachishwa kwa ajili ya makosa. Mwajiri akimwachisha mtu bila haki, korti yaweza kumtoza hata mshahara wa miezi 12. Msimamizi asiyeita mjumbe hamsaidii hata huyo mwajiri anayetaka kumpendeza.

Kuna jambo la ovataimu pia, ambalo huharibu vikundi kuliko matusi. Msimamizi mpya huwapa kwanza wale anaokula nao, au wa kwao nyumbani. Hana nia mbaya, ndio anaowajua. Wengine huhesabu kila saa, na hesabu yao haikosei. Dawa yake ni karatasi ukutani yenye majina kwa zamu, ambayo kila mtu aweza kuisoma. Na msimamizi anayetaka urafiki wa mapenzi kwa mwanamke kama bei ya zamu nzuri, huyo hatumpi shauri lolote. Twampeleka mbele, kwa kifungu cha 6 cha sheria hiyo hiyo.

Sisi tuliobaki chini nasi tuna deni. Tusimtake mwenzetu afiche utoro wetu kwa sababu tulikuwa naye. Akikataa, hajatusaliti.

Mwanachama aliyepewa barua ya usimamizi na aje ofisini Jumamosi baada ya kazi, pamoja na barua hiyo. Tutasoma naye mapatano ya chama na mwajiri wake, aone kama cheo kipya kiko ndani ya mapatano au nje, na kama bado atalipa ada kwetu au hapana. Wajumbe wasingoje aje. Wamfuate wiki ile ile ya kwanza.