Uhura Amerudi, Je, Kiswahili Chake?

Kila mshairi atungaye tarbia anajua kwamba kibwagizo ni mtego. Maneno yale yale hurudi mwishoni mwa kila ubeti, na msikilizaji huyangoja. Yakirudi bila ubeti kuyapa sababu, huwa ya kujazia nafasi tu, hata mizani ikitimia na vina vikilingana. Yakirudi baada ya mishororo mitatu iliyolisogeza jambo, sikio huyapokea kama mapya. Kipimo hicho ndicho ninachokitumia nitazamapo mtindo ulioenea wa kufufua tamthilia kongwe za televisheni, hasa zile za sayansi ya kubuni, na kuwarejesha wahusika wake wa zamani. Mmoja katika wahusika hao anatuhusu sisi wenye lugha hii kuliko wengine wote.

Star Trek ilianza kurushwa nchini Marekani mwezi Septemba 1966. Ndani ya chombo cha Enterprise aliketi afisa wa mawasiliano aitwaye Uhura, akiigizwa na Nichelle Nichols. Jina hilo lilitokana na neno letu uhuru. Nichols mwenyewe alisimulia kwamba alikwenda kwenye usaili akiwa na riwaya yenye jina hilo, na mwanzilishi wa tamthilia, Gene Roddenberry, akalipenda. Kisha irabu ya mwisho ikabadilishwa ili neno lilainike. Sikio la Mswahili haliwezi kulipitia hili kimya. Lugha yetu haimtambulishi mwanamke kwa irabu, na uhura si neno. (Laiti wangemwuliza mtu wa pwani, angewaambia kwamba tunaye Zuhura, jina la mwanamke na la sayari ing'aayo alfajiri na jioni. Walipungukiwa herufi moja tu.)

Hata hivyo, tamthilia ile ya kwanza ilitupa tukio moja ambalo sijaacha kulifikiria. Katika kipindi cha mwaka 1967 kiitwacho The Changeling, mashine iitwayo Nomad inamsikia Uhura akiimba, haielewi wimbo ni kitu gani, na inaifuta kumbukumbu yake. Anafundishwa upya kusoma Kiingereza kama mtoto wa chekechea. Anapokwama na kukereka, Kiswahili kinamtoka. Mashine imekomba elimu yote ya mwanamke huyu, lakini lugha yake imebaki chini kabisa, mahali ambapo haikufika. Sidhani kama waandishi walikusudia yote ninayoyasoma humo. Katika kipindi kilichofuata Uhura alikuwa amerejea kazini, na hakuna aliyemwuliza alisema nini, wala aliambiwa na nani maneno hayo kwa mara ya kwanza. Swali hilo likaachwa wazi.

Kwangu, mhusika wa zamani ana haki ya kurudi pale tu alipoacha swali la namna hiyo. Mfano bora ninaoujua uko Uingereza, katika Doctor Who, iliyoanza mwaka 1963, ikasitishwa mwaka 1989, ikarejea mwaka 2005. Sarah Jane Smith, aliyeigizwa na Elisabeth Sladen, aliteremshwa kutoka chombo cha Daktari mwaka 1976 kwa kuagana kwa haraka, kana kwamba safari zile zilikuwa matembezi ya jioni. Mwaka 2006 walimrudisha, mwigizaji yule yule, sasa mtu mzima, na wakamwachia aulize lile ambalo watazamaji walikuwa wamelimeza kwa miaka 30: mbona aliachwa, na mbona hakurudiwa? Daktari hana jibu linalotosha. Kwa dakika chache vipindi vile vya kale vinabadilika machoni petu, kwa kuwa tumeonyeshwa gharama ambayo havikuihesabu.

Kinyume chake ni Data katika Star Trek: Picard. Roboti huyu alijitoa mhanga katika filamu ya mwaka 2002. Mwaka 2020 tukaletewa tena ili tumuage taratibu, kwa maneno yake mwenyewe, na nakiri kwamba maombolezo yale yalikuwa mazuri. Mwaka 2023 akafufuliwa tena, wenzake wote wa zamani wakiwa wamekusanywa mezani. Watazamaji walishangilia, nami sikununa. Lakini tumemzika mtu huyu mara mbili, na machozi ya pili sasa yanaonekana kama deni tulilolipa bila kudaiwa. Hicho ni kibwagizo kilichorudi kwa sababu hadhira inapenda kuitikia.

Na Uhura? Mwaka 2022 alirejea kwenye televisheni katika Star Trek: Strange New Worlds, safari hii kijana anayeanza kazi, akiigizwa na Celia Rose Gooding. Hapo awali filamu ya mwaka 2009 ilikuwa imelirasimisha jina lake la kwanza, Nyota, ambalo lilikuwa likizunguka katika vitabu na miongoni mwa mashabiki. Wapo wanaolalamika kwamba mwigizaji mpya hafanani na Nichols, aliyefariki Julai mwaka ule ule. Lalamiko hilo silikubali. Kwetu mtoto akipewa jina la bibi yake huwa somo wa bibi, na hakuna anayemtaka atembee kwa mwendo wa bibi. Tena huyu wajina amepewa alichonyimwa mkubwa wake: ametoka Kenya, ana wazazi na kaka aliowapoteza katika ajali, ana sababu ya kuwa pale alipo. Anasema lugha 37. Mapema katika msimu wa kwanza analifungulia njia jiwe la angani lisilojibu lugha yoyote, kwa kuliimbia. Wimbo uliomponza Uhura wa kwanza mbele ya mashine, kwa huyu wa pili ndio unaowaokoa wenzake. Kama waandishi walilikumbuka tukio la 1967 au hawakulikumbuka, mishororo imeungana.

Bado ninadai jambo moja. Lugha 37 ni wasifu, na wasifu si usemi. Ikiwa Kiswahili ndicho kilichobaki pale kila kitu kilipofutwa, basi anayelirithi jina hili hana budi kusikika akikitumia kwa kazi: akibishana, akitania, akimlilia kaka yake, akitafuta neno la Kiswahili kwa kitu ambacho hakuna binadamu aliyewahi kukiona. Hilo la mwisho ndilo linalonitamanisha zaidi. Tunabishana kila mwaka kuhusu istilahi za sayansi, na huyu hapa mtaalamu wa lugha, kizazi chetu cha karne ya ishirini na tatu, amesimama mbele ya kisicho na jina. Angekiita nani? Angekiweka katika ngeli gani?

Maneno hayo hayawezi kuandikwa kwa kufungua kamusi usiku wa kuamkia siku ya kupiga picha. Yanahitaji mtunzi aliyeilelea lugha hii, na watunzi hao wako Lamu, Unguja, Tanga, Mombasa, na wengine wamo katika miji ile ile ya Marekani ambako tamthilia huandikwa. Sijui kama yupo atakayewapigia simu. Wakati tukingoja, nawaomba wanamalenga wa ukurasa huu mjaribu wenyewe: beti tatu, Uhura yuko peke yake kwenye zamu ya usiku, na kitu kisichojulikana kimeanza kuita.